Elimu ya Kujibizana

Elimu humfikia mtu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kusikia, na njia ya pili ni kujibu. Njia ya kusikia ni pana. Watu mia waweza kuipita kwa wakati mmoja, na hata watu elfu. Njia ya kujibu ni nyembamba. Hupitwa na mtu mmoja mmoja. Kwa sababu hiyo wale wanaotaka kufundisha watu wengi kwa gharama ndogo wameipenda njia ya kwanza tangu zamani, na wale wanaotaka mwanafunzi ajue kweli wameipendelea njia ya pili. Nia yangu katika insha hii ni kueleza jitihada ya kuzikutanisha njia hizo mbili, yaani kuwafundisha watu wengi na bado kumpa kila mmoja wao nafasi ya kujibu.

Katika kazi za mikono hapana mtu mwenye shaka juu ya njia iliyo bora. Hapa Butali, anayemfundisha kijana kukata miwa hamsimulii habari za miwa kutwa nzima. Humpa panga, husimama kando, na humtazama. Kijana akikata juu huambiwa papo hapo, "Shuka chini, sukari imekaa shinani." Kijana huinama, hukata karibu na udongo, na kosa lile aghalabu halirudii tena. Ametenda, amekosea, amejibiwa, amejifunza. Mambo haya manne hufuatana kwa muda wa kufumba na kufumbua. Likiondolewa moja, hasa lile la tatu, kazi yote huharibika. Mtu aweza kukata vibaya shamba zima, na jioni akarudi nyumbani akidhani kwamba ameshika kazi.

Butali ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye, katika eneo la Malava, nchi ya Wakabras. Mashamba ya miwa yamelizunguka, na kiwanda cha sukari chenye jina la Butali kipo papa hapa. Wazazi wengi huwalipia watoto wao karo kwa fedha ya miwa. Muwa uliopandwa hukaa ardhini kadiri ya mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Na mzazi hungoja miezi hiyo yote, halafu hungoja tena malipo. Kijana akipata alama za kumpeleka chuo kikuu, majirani hualikwa katika harambee, kuku huuzwa, na pengine ng'ombe hufuata. Chuo kikuu kilicho karibu nasi ni kile cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, kilichopata daraja kamili ya chuo kikuu mwaka 2007. Lakini vijana wetu huitwa pia Maseno, Eldoret, Njoro, Nairobi na kwingineko. Waendako ni kwingi. Wanachokikuta katika mwaka wa kwanza wa sayansi aghalabu ni kimoja: ukumbi mkubwa uliojaa watu.

Nami niliketi katika ukumbi wa namna hiyo. Kulikuwa na somo la kemia ambalo wanafunzi wake walikuwa kadiri ya mia sita, kwa maana wa uhandisi, wa kilimo, wa ualimu na wa sayansi nyingine tuliwekwa pamoja. Waliochelewa walisimama milangoni. Mhadhiri wetu alikuwa mtu mwema na mjuzi wa kazi yake. Sauti yake ilitufikia kwa kipaza sauti, na maandishi yake ubaoni yalitufikia kwa shida. Muhula ule wote mimi sikuulizwa swali hata moja, wala jirani yangu wa kulia hakuulizwa, wala wa kushoto. Mtihani wa mwisho ndio uliokuwa swali letu la kwanza.

Msomaji anayependa hesabu na apige hesabu hii. Chukua muhula wa wiki 14, na mihadhara mitatu kwa wiki, kila mmoja wa saa moja. Jumla ni saa 42, yaani dakika 2,520. Zigawe kwa wanafunzi 600, nawe utapata dakika nne na sekunde chache kwa kila mmoja. Basi hata kama mhadhiri asingefundisha neno lolote, akafanya kazi ya kuuliza na kujibiwa tu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kila mwanafunzi angeongea naye kwa dakika nne katika muhula mzima. Hakuna bidii wala wema wa mhadhiri unaoweza kuishinda hesabu hiyo.

Wingi huo haukuja kwa ubaya wa mtu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzishwa mwaka 1970 kilikuwa chuo kikuu cha pekee nchini Kenya. Mwaka 1990 vyuo vikuu vilipokea makundi mawili kwa pamoja: waliomaliza kidato cha sita katika utaratibu wa zamani, na wa kwanza kumaliza kidato cha nne katika utaratibu mpya wa 8-4-4. Tena mwaka 2003 karo ya shule za msingi za serikali ilifutwa, na watoto waliokuwa nyumbani wakajaa madarasani. Wimbi hilo lilipanda kidato hadi kidato, mpaka likafika milango ya vyuo vikuu. Kila hatua katika hatua hizo iliwafungulia mlango watu waliokuwa nje. Asiyependa kumbi zilizojaa na akumbuke kwamba katika wale mia sita wamo watoto wa wakata miwa, ambao babu zao hawakuota kufika huko.

Lakini mlango ulio wazi ni nusu ya ukarimu tu. Namjua kijana mmoja wa hapa jirani ambaye katika shule yake alikuwa wa kwanza. Alisindikizwa kwa nyimbo kwenda chuoni, na baada ya mwaka mmoja alirudi bila nyimbo, kwa kuwa fizikia na kemia zilimshinda. Watu walinena mengi. Wengine walisema kwamba shule yake ya kijijini ilimdanganya kwa alama zisizo za kweli. Wengine walisema kwamba mji ulimwingia kichwani. Niliketi naye jioni kadhaa nikamsikiliza, na nikaona kwamba si mjinga wala si mpotovu. Alikuwa na dhana tatu au nne zisizo sahihi, zilizo za kawaida kabisa, ambazo mtu yeyote angezigundua kwa maswali ya nusu saa. Alizichukua dhana hizo ukumbini, akazitoa ukumbini zikiwa nzima, na kila somo jipya lilijengwa juu yake likaanguka. Ng'ombe wa baba yake alikuwa amekwisha kuuzwa. Kosa ambalo lingalisahihishwa kwa neno moja liligharimu mwaka mmoja wa ujana, fedha za watu wengi, na heshima ya nyumba.

Si watoto wa vijijini peke yao wanaopatwa na jambo hili. Katika Marekani kuna mwalimu wa fizikia aitwaye Eric Mazur, aliyeanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1984. Wanafunzi wake walifaulu mitihani ya hesabu ngumu, nao walimsifu kwa ufundishaji wake. Siku moja aliwapa maswali mepesi yasiyo na hesabu, yenye kupima kama wameelewa maana ya nguvu na mwendo. Mwanafunzi mmoja akamwuliza kama ayajibu kwa jinsi walivyofundishwa au kwa jinsi anavyofikiri yeye mwenyewe. Swali hilo lilimfunulia mwalimu kwamba katika kichwa kimoja zimekaa elimu mbili: moja ya kutumia mtihanini, na nyingine ya kuamini. Tangu mwaka 1991 Mazur aligeuza mhadhara wake. Akawa anaeleza kidogo, halafu anauliza. Kila mwanafunzi huchagua jibu lake, kisha hugeukiana na jirani wakabishana, ndipo huchagua tena.

Katika mwaka 2014 wataalamu walikusanya uchunguzi 225 uliofanywa juu ya ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hesabu katika vyuo vikuu, wakaulinganisha. Waliona kwamba katika madarasa ya kusikiliza tu walianguka wanafunzi kadiri ya 34 katika kila 100, na katika madarasa ambamo wanafunzi walitakiwa kutenda na kujibu walianguka kadiri ya 22. Tofauti hiyo ni watu 12 katika kila 100. Katika ukumbi wa watu mia sita ni watu 72.

Basi mashine inaingia wapi? Inaingia mahali palepale ambapo hesabu yetu ya dakika nne ilikwama. Mwaka 1953 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alizuru darasa la hesabu la binti yake. Aliona watoto wakijibu maswali kwenye karatasi bila kujua kama wamepata au wamekosa, na wakilazimika kungoja mpaka mwalimu asahihishe. Mwaka uliofuata aliionyesha mashine aliyoibuni ya kumjulisha mtoto matokeo ya jibu lake mara tu anapolitoa. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Donald Bitzer na wenzake waliitengeneza PLATO, kompyuta ya kufundishia. Na katika miaka iliyofuata wanafunzi wa kemia na wa fizikia waliketi mbele ya vioo vyake wakiulizwa na kujibiwa. Yapasa kukumbuka kwamba hayo yalitendeka miaka mingi kabla ya intaneti kufika majumbani mwa watu.

Nasi Afrika ya Mashariki hatukuwa watazamaji tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na masomo ya Kiingereza ya redio kwa watoto wa shule za msingi za Kenya, ambayo hayakuwa ya kusikiliza tu. Redio iliuliza, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa sauti, ndipo redio ikatoa jibu lililo sahihi. Kile kituo kidogo cha ukimya ndicho kilichokuwa siri ya kazi yote. Redio haikuwasikia watoto, lakini aliyelitunga somo aliwafikiria. Alijua watakapojibu, akajua na makosa watakayoyafanya, akawaachia nafasi.

Linganisha na jambo lililofuata. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandao kilianzishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Mihadhara ilirushwa kutoka ng'ambo kwa setelaiti, na wanafunzi waliitazama katika televisheni. Lilikuwa jambo kubwa, na wengi walifaidika nalo. Lakini picha ilikwenda upande mmoja. Mwanafunzi aliyetaka kusema neno alitegemea simu au barua. Chombo cha miaka ya 1990 kilikuwa na nguvu nyingi kuliko redio ya miaka ya 1980, na hata hivyo kwa habari ya kujibizana kilikuwa nyuma yake. Hapo twajifunza kwamba uzuri wa somo hautegemei upya wa chombo.

Somo hilo tulilirudia mwaka 2020. Nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilikuwa zimefika Mombasa tangu mwaka 2009, na simu zenye intaneti zilikuwa zimefika Butali. Mwezi wa Machi mwaka ule, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule na vyuo vilifungwa, na wanafunzi wakarudi nyumbani. Niliwaona vijana wetu wakitafuta mahali pa mwinuko penye mtandao mzuri, simu mkononi, kitambaa kichwani kwa ajili ya jua. Walikuwa wakisikiliza nini? Aghalabu walisikiliza mhadhara uleule wa ukumbini. Waya hauchagui cha kubeba. Ukipewa kusema peke yake, utabeba kusema. Ukipewa kuuliza na kujibu, utabeba hayo pia.

Sasa nieleze somo la kujibizana lilivyo, maana jina peke yake halitoshi. Likizo moja nilikuwa na mpwa wangu na rafiki zake wawili barazani, wote wakiwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walikuwa na somo la namna hiyo katika kompyuta moja ya mkopo. Swali lilihusu lori kubwa kugongana na gari dogo. Sisi tuliligeuza likawa trekta la miwa na baiskeli, kwa kuwa hayo ndiyo tuyaonayo kila siku barabarani. Trekta na shehena yake lina uzito wa kilo 10,000. Baiskeli na mwendeshaji wake kilo 100. Wanapogongana, ni kipi kinachomsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi?

Wawili walijibu bila kusita kwamba ni trekta. Wa tatu alinyamaza. Somo halikuwaambia, "Mmekosa." Liliwaonyesha mizani mbili za springi zilizounganishwa kwa ndoano, moja ikivutwa na mtu mzima na nyingine ikishikwa na mtoto, likawauliza kila mizani itasoma kiasi gani. Wakabishana, wakajibu, wakaona kwamba mizani zote mbili zasoma sawasawa, hata mtu mzima avute vipi. Ndipo likawarudisha kwenye swali la kwanza. Mpwa wangu akasema, "Lakini mjomba, mwenye baiskeli ndiye atakayekufa!" Akasema kweli, na somo lilikuwa limemngoja hapohapo. Liliuliza: nguvu zikiwa sawa, na uzito wa kimoja ukiwa mara 100 ya mwenzake, mwendo wa kipi utabadilika zaidi? Wakagawa, wakaona kwamba mwendo wa baiskeli utabadilika mara 100 kuliko wa trekta. Nguvu ni moja. Madhara ni mbalimbali. Yule aliyenyamaza alicheka kwa furaha, kwa sababu alikuwa amefahamu kwa mara ya kwanza kanuni aliyoikariri tangu kidato cha pili.

Katika mfano huo msomaji aweza kuziona alama za somo jema. Huuliza kabla ya kueleza. Majibu ya makosa linayotoa kuchagua hayakutungwa ovyo, bali ni yale ambayo wanafunzi kweli huyafikiri. Kila kosa lina jibu lake, kama vile kila ugonjwa una dawa yake. Halimwachi mtu apite mpaka aonyeshe kwamba amefahamu, na baada ya siku kadhaa hulirudia jambo lilelile kwa sura nyingine ili kuona kama limekaa. Tena humpelekea mhadhiri habari: leo, katika watu 600, watu 400 wamekosa swali la tano. Mhadhiri mwenye habari hiyo haingii ukumbini kama mtu anayetupa mbegu gizani. Hupita upesi penye kueleweka, hukaa penye shida.

Vitu vya namna hiyo vipo, tena vingine havina bei. Mwaka 2002 Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado kazi iitwayo PhET. Hiyo ni michezo ya sayansi ya kompyuta, ambamo mwanafunzi huongeza umeme, hupunguza uzito, huchanganya dawa, na huona papo hapo matokeo ya alilolitenda. Hutolewa bure. Baadhi ya michezo hiyo imefasiriwa katika Kiswahili, na mtu aweza kuichukua mara moja penye mtandao, kisha akaitumia nyumbani bila mtandao. Kwa mtu wa Nairobi sifa hiyo ya mwisho ni ndogo. Kwa mtu wa Butali ndiyo kubwa kuliko zote.

Nasema hivyo kwa kuwa usawa wa elimu huvunjika mahali padogo. Mwanafunzi mwenye kompyuta, umeme na mtandao wa siku zote hujibizana na somo kwa saa tatu, akikosea na kurudia bila woga. Mwenzake ana simu ya kioo kilichopasuka na bando ya siku moja. Hujibu maswali manne, bando ikaisha, au umeme ukakatika na simu ikazima. Wa kwanza amekosea mara thelathini akasahihishwa mara thelathini. Wa pili amekosea mara mbili. Mwisho wa muhula watu watasema kwamba wa kwanza ana akili zaidi. Chuo kinachoweka masomo yake mtandaoni bila kufikiri jinsi yatakavyofika kwa mtu wa pili kimeujenga ukumbi mwingine, nacho kimemwacha mtu yuleyule mlangoni.

Kuna hatari nyingine, nayo imo ndani ya mwanafunzi mwenyewe. Nimemwona mtu akibonyeza jibu la kwanza, la pili, la tatu, mpaka somo likamkubalia, kisha akasonga mbele bila kusoma neno. Huyo ametenda na amejibiwa, lakini hakufikiri kabla ya kutenda. Na kosa lisilotokana na fikira halina la kumfundisha mtu. Mkata miwa anayefyeka ovyo hawezi kuonyeshwa kosa la mkono wake, kwa maana hakuwa na nia ya kukata popote.

Hatari ya tatu ni mpya. Siku hizi ziko programu za akili bandia ambazo huulizwa swali lolote nazo hujibu kwa ufasaha. Watu wengi huzichanganya na masomo niliyoyaeleza, kwa kuwa zote zajibizana. Lakini tazama ni nani anayejibu. Katika somo jema mashine huuliza na kijana hujibu. Katika matumizi ya uvivu kijana huuliza na mashine hujibu, na kazi ya kujibu, ambayo ndiyo kazi ya kujifunza, imefanywa na asiyehitaji kujifunza. Programu hizohizo zaweza kuagizwa zimwulize mtu, zimpinge, zimnyime jibu mpaka ajaribu. Hiari ni ya mtumiaji. Na hiari ya namna hiyo ni mzigo mzito kwa mtu wa miaka kumi na tisa usiku wa kuamkia mtihani.

Wala nisifiche mipaka ya jambo ninalolisifu. Mwanafunzi aliyechanganya asidi na alkali katika kioo cha kompyuta peke yake hajajua jinsi mkono unavyotetemeka juu ya koki ya bureti, wakati tone moja likizidi laharibu kazi ya saa nzima. Hajanusa klorini. Mashine haijui kwamba kijana hakula tangu jana, wala kwamba baba yake ni mgonjwa. Mambo hayo hujulikana na mtu. Ndiyo sababu faida kubwa ya somo la kujibizana, kwa maoni yangu, ni muda linaomwachia mwalimu. Yale maswali mia ya kila mwaka, yaliyo sawa kwa kila mtu, na yaulizwe na mashine. Na mwalimu akutane na wanafunzi ishirini ishirini, awaone nyuso, ashike mikono yao kwenye vyombo, na amwulize yule anayenyamaza kwa nini ananyamaza. Chuo kinachonunua mashine ili kipunguze walimu kimeuza jembe ili kinunue mbegu.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi bado mko shuleni, na wengi wenu madarasa yenu yana watu hamsini au sitini. Baadhi yenu mtaingia katika zile kumbi nilizozitaja. Hamtaweza kuzibadili siku mtakayoingia, na pengine masomo ya kujibizana hayatakuwapo, au yatakuwapo na bando haitakuwapo. Lakini njia ya kujibu haikuvumbuliwa na kompyuta, wala haiwezi kufungwa na ukosefu wake. Mhadhiri akiuliza swali la jumla ukumbini, asitaje jina la mtu, andika jibu lako katika daftari kabla hajalitoa lake, kisha linganisha. Ukisoma kanuni, funga kitabu, mweleze mwenzako, na umwache akupinge. Watu watatu wenye mshumaa mmoja na swali gumu waweza kufanya kazi yote aliyoitaka Skinner kwa mashine yake, mradi kila mmoja akubali kujibu kwanza na kusahihishwa baadaye.

Na wale miongoni mwenu watakaokuwa wahadhiri, au watengenezaji wa programu, au watu wa kugawa fedha za serikali, nawaomba jambo moja. Mtakapoletewa chombo kipya cha kufundishia, msiulize kwanza jinsi kinavyosema, wala jinsi picha zake zinavyong'aa. Ulizeni kinamwuliza mwanafunzi nini, kinangoja muda gani, na kinamwambia nini anapokosa. Halafu ulizeni kama mtoto wa mkata miwa aweza kukifikia usiku, nyumbani kwao, wakati umeme umekatika.